Mume akirudi safari mkojo unaanza kuchoma, anasema nina mtu

BARUA

Shikamoo Anti. Naomba jina langu usiliweke kabisa maana mawifi zangu wote wanasoma hii safu na wakijua ni mimi nimekwisha. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mbagala, nimeajiriwa kwenye fremu ya vitenge Kariakoo. Mume wangu ni dereva wa malori, anapeleka mzigo Zambia na saa nyingine anavuka mpaka Lubumbashi, kwa hiyo foleni ya Tunduma ikiwa mbaya anaweza kukaa mwezi mzima hajarudi.

Tatizo langu ni UTI. Yaani Anti kila akirudi, siku ya pili au ya tatu hivi, mkojo unaanza kuchoma, naenda chooni natoa matone mawili, nikisimama nahisi bado upo narudi tena, kinena kinauma, mkojo wenyewe una ukungu na harufu kali na mara ya mwisho ulikuwa kama chai ya rangi. Mara ya kwanza nilienda zahanati wakapima wakasema UTI, nikachomwa Powercef siku tano nikapona. Ikarudi. Toka hapo sijapima tena, naenda tu duka la dawa la mtaani namwambia yule kijana ni ile ile, ananipa Cipro, akikosa Cipro ananipa Azuma, nikisikia nafuu naacha, zinazobaki naziweka kwenye kopo la majani ya chai ili siku nyingine nisihangaike.

Sasa safari hii mume wangu alikuwa anajichemshia chai mwenyewe akazikuta. Akauliza hizi za nini, nikamwambia za UTI. Akanyamaza mpaka usiku ndo akasema "mimi mkojo haunichomi, wewe unakuchoma, huo ugonjwa umeutoa wapi?" Nikamjibu na mimi nikiwa na hasira, mbona usipokuwepo mimi mzima, naumwa ukirudi tu, labda umetoka nao huko Tunduma kwa wanawake zako. Basi ikawa vita. Sa hivi analala kwenye kochi na anasema Kariakoo ndo kunaniharibu, niache kazi nikae nyumbani.

Mama mkwe kaambiwa, kasema mwanamke aliyetulia kwenye ndoa hapati UTI. Wifi mmoja ambaye tunaelewana kasema ni vile vyoo vya kulipia, akaniletea shabu nijisafishie na ndimu, akasema inaua wadudu na kubana hapo hapo. Nimetumia. Mama yangu mzazi yeye kanitumia mizizi kwa basi kutoka Kwimba, kasema nisiogope, sisi utotoni tulikuwa tunacheza kwenye malambo na majaruba tukikojoa damu na tulipona wenyewe.

Kuhusu vyoo ni kweli pale dukani hakuna, unashuka gorofa mbili, unalipa, na bosi hapendi uache fremu mawinga wakija na wateja. Kwa hiyo mi nimezoea sinywi maji toka natoka nyumbani alfajiri mpaka narudi, nakunywa usiku. Na jambo lingine, tunatafuta mtoto wa pili, situmii uzazi wa mpango wowote.

Anti, UTI ni ugonjwa wa zinaa au sio? Nikimwambia twende tukapime wote si ataona nimekiri? Na kazi niache? Hela yangu ndo inalipa ada ya mtoto na kodi akichelewa. Nisaidie, nimechoka.

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umefunga mambo matatu kwenye kanga moja, kuna ugonjwa, kuna ndoa na kuna kazi, na nyumbani kwako yanasemwa yote kwa pamoja kama vile jibu la moja ni jibu la yote. Tuyafungue moja moja. Miaka yangu ya unesi niliona wake wengi wamekaa kwenye benchi la maabara mume kasimama mlangoni kanuna, kwa hiyo uliyoandika si mageni kwangu.

Nianze na swali lako la kwanza. UTI ni maambukizi kwenye njia ya mkojo, na haihesabiwi kwenye magonjwa ya zinaa. Mara nyingi sana, tuseme kama mara nane katika kumi, anayesababisha ni bakteria anaitwa E. coli, na huyo anaishi kwenye utumbo wako mwenyewe, na wangu, na wa mama mkwe pia. Akikaa kwenye utumbo hana shida na mtu. Shida inaanza akitoka huko nyuma akasogea mbele akaingia kwenye mrija wa mkojo, na mrija wetu wanawake ni mfupi, kama sentimita 4 tu mpaka kwenye kibofu, wakati wa mwanaume ni kama sentimita 20. Ndo maana mkojo wake haumchomi na wako unakuchoma. Karibu nusu ya wanawake wote wanaipata angalau mara moja maishani, waliotulia na wasiotulia, na wapo masista na mabibi wa miaka 70 wanaopata pia, kwa hiyo ile kauli ya mama mkwe usiibebe.

Sasa mbona inakuja akirudi? Hapa wewe na mume wako mmeona kitu kimoja cha kweli, kila mtu akakitafsiri kwa hasira yake. Tendo la ndoa lenyewe linasukuma hao bakteria kuelekea kwenye mrija, na hasa mkiwa mmekaa muda mrefu bila kukutana halafu mkakutana mara nyingi ndani ya siku chache, ndo hatari inapanda. Inatokea sana hata kwa maharusi wapya. Kwa hiyo mume anaweza asiwe na mtu Tunduma, wewe usiwe na mtu Kariakoo, na bado siku ya pili ya yeye kurudi mkojo ukachoma. Kukojoa mara baada ya tendo kunashauriwa sana, ushahidi wake sio mkubwa kivile ila haugharimu kitu, fanya.

Lakini nisikudanganye pia. Sijasema hakuna ugonjwa wa zinaa hapo. Kisonono na klamidia navyo vinaweza kufanya mkojo uchome, na klamidia inaweza kukaa kwa mwanamke au mwanaume miezi bila dalili yoyote, kwa hiyo "mimi sisikii kitu" ya mume wako haithibitishi chochote kwa upande wowote. Hujaniambia kama unatokwa na uchafu usio wa kawaida, au unawashwa, au unapata maumivu wakati wa tendo. Kama yapo, mwambie daktari, maana hapo anaweza kuwa anatafuta kitu kingine kabisa.

Na mimi nina swali langu: una uhakika kila mara ilikuwa UTI? Ulipimwa mara ya kwanza tu. Zile nyingine ulijipima wewe na kijana wa duka la dawa. Labda ilikuwa kweli, dalili ulizoandika zinafanana nayo sana, ila mkojo unaweza kuchoma kwa sababu nyingine. Kuna fangasi, ambao wanapenda kuja baada ya mtu kumeza antibayotiki nyingi. Kuna ngozi ya ukeni kuungua tu na kemikali, na hapo namtazama wifi yako na shabu yake. Najua anakupenda na najua shabu na ndimu wengi wanazisifia, ila ndani ya uke kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kuwazuia hao wabaya wasikae, ukiingiza shabu, ndimu, sabuni au dettol unawaua walinzi, E. coli anakuta mlango wazi. Nje nawa kwa maji, ndani hapahitaji kitu, panajisafisha. Ukimaliza haja kubwa jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Hilo la shabu ningekuomba uliache leo, hata kabla hujafika hospitali.

Kuhusu vyoo vya kulipia, wifi amekosea ila ameligusa jambo bila kujua. Choo kichafu kinaudhi, na kinaweza kukupa kuhara usiponawa mikono, lakini bakteria hawaruki kutoka kwenye sinki wakakuingia kwenye mrija wa mkojo. Kinachokuumiza ni kutokwenda chooni. Unatoka alfajiri hujanywa maji, unakaa na joto la Kariakoo mpaka jioni, mkojo mchache mzito unakaa kwenye kibofu saa nyingi, bakteria wachache walioingia wanapata muda wa kuzaliana badala ya kutolewa nje. Ulifanyika utafiti Bulgaria ukachapishwa 2018, wanawake 140 waliokuwa wanapata UTI ya kujirudia na walikuwa hawanywi maji ya kutosha, nusu yao wakaambiwa waongeze lita moja na nusu kwa siku juu ya kile walichozoea. Mwaka ulipoisha wale walioongeza maji waliumwa karibu nusu ya wenzao, wastani wa mara 1.7 dhidi ya mara 3.2. Maji tu hayo. Sio mizizi, sio sindano. Na kuyanywa yote usiku kama unavyofanya hakusaidii zile saa za mchana, kwanza kunakunyima usingizi.

Halafu kuna maneno ya mama yako wa Kwimba. Wewe umeyaandika kama mzaha wa wazazi ila mimi yamenisimamisha. Kukojoa damu utotoni kwenye malambo na majaruba, hicho ni kichocho mdogo wangu, na kule Kanda ya Ziwa ni ugonjwa wa siku zote. Minyoo yake inaishi kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, kwa kawaida miaka 3 mpaka 10, na kuna watu imekaa mwilini miongo. Kupona "wenyewe" mara nyingi ni damu kuacha kuonekana tu. Kwa mwanamke mkubwa kinaweza kuleta mkojo kuchoma, damu, maumivu ya tendo na hata shida ya kushika mimba, watu wakadhani ni zinaa au UTI sugu. Sisemi unacho, chai ya rangi inaweza kuwa ni maji kidogo tu mwilini. Nasema kama na wewe umekulia Kwimba ukiogelea kwenye lambo, mtajie daktari, kwa sababu daktari wa Dar es Salaam anaweza asikuulize. Mkojo wa kutafuta mayai ya kichocho unachukuliwa vizuri kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo muda yanatoka mengi. Dawa yake ni praziquantel, haihusiani kabisa na Cipro.

Sasa lile kopo la majani ya chai. Sikugombezi, nchi nzima tuna hayo makopo. Ila ukimeza Cipro mbili tatu ukaacha, unaua bakteria dhaifu unabakiza wale wagumu, wanaongezeka, safari ijayo Cipro haiwagusi, na Powercef ile ulikuwa umeanza na silaha kubwa kwa ugonjwa ambao mara nyingi unatibika na vidonge vya kawaida kama nitrofurantoin. Pia mnatafuta mtoto. Cipro sio dawa ya kumeza hovyo ukiwa mjamzito, na UTI kwa mjamzito ni jambo zito, inaweza kupanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote tena, pima mimba kwanza. Na hiyo mizizi usiinywe kwa sasa, mama atakuelewa ukimwambia unasubiri majibu ya vipimo.

Ninachofikiria mimi ni hiki. Ikianza tena, au hata sasa kama bado inachoma, nenda kituo cha afya chenye maabara ya maana kabla hujameza kidonge hata kimoja, uwaambie imejirudia na unataka waoteshe mkojo, waangalie bakteria gani na dawa gani inamuweza. Sio kile kipimo cha haraka peke yake cha kukuambia kuna pus cells, yaani chembe za usaha. Majibu yanachukua siku mbili tatu na gharama inazidi kidogo, na kama huwezi kungoja daktari atakuanzishia dawa halafu anabadilisha majibu yakija. Ukikojoa kwenye kikopo acha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati, maana wa mwanzo unabeba uchafu wa nje na unaweza kuambiwa una UTI kumbe huna. Mara mbili ndani ya miezi sita au mara tatu kwa mwaka inahesabiwa ni ya kujirudia, na kwa wanawake ambao inakuja na tendo daktari anaweza hata kukupangia kidonge kimoja cha kumeza baada ya tendo. Hilo aamue yeye, usilianze na kijana wa duka la dawa. Waombe pia wakupime sukari. Na ukisikia homa ya kutetemeka, kutapika, au maumivu ya ubavuni nyuma chini ya mbavu, usisubiri majibu wala mume, nenda hospitali siku hiyo hiyo, figo hizo.

Nije kwa mume. Unaogopa ukisema tukapime ataona umekiri. Inawezekana kabisa, simjui. Lakini nimejiuliza, na kunyamaza kwako anakutafsirije? Dawa zilizofichwa kwenye kopo zimeshasema maneno yao bila wewe. Unaweza ukaanza wewe kupima peke yako, ukawa na karatasi mkononi, faida yake ni kwamba unapata matibabu bila kusubiri amani ya ndoa, hasara yake ni kwamba akitaka kubisha atasema karatasi umeipata kwa nesi rafiki yako. Au unaweza kumshika akiwa hajachoka na safari, umwambie wewe na yeye mlitupiana maneno usiku ule na hakuna kati yenu aliyekuwa na ushahidi, mwende kwa daktari mmoja, awaeleze wote wawili, mpime na magonjwa ya zinaa pamoja na VVU mjue mko wapi, tena mnatafuta mtoto, ni jambo ambalo lingefanyika tu kliniki. Wanaume wengi wakielezwa na mtu mwingine mwenye koti jeupe wanasikia kile kile ambacho mke alikisema jana wakakataa. Hiyo inaniudhi ila ndo ilivyo, itumie. Njia ya tatu ni mshenga wenu au mtu mzima anayemheshimu, sio mama yake maana yeye keshachukua upande.

Ujue tu ukipima chochote kinaweza kutoka. Ikiwa ni UTI, yeye hahitaji dawa. Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, mtatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja la sivyo mtarudishiana, na hapo kutakuwa na mazungumzo mengine magumu, na hata hapo karatasi haitaandika nani alianza. Jiandae na hilo moyoni kabla hujaenda, wewe mwenyewe pia, kwa sababu na wewe umeshamhukumu mumeo kwa hayo ya Tunduma.

Kitu kimoja hujakisema na mimi nakiuliza kwa upole: akikasirika, huwa anakupiga au kukutishia? Kama ndiyo, usimwambie mkiwa wawili tu usiku, na ujue kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kama siyo, nimefurahi, endelea.

Kazi ni yako kuamua, mimi siwezi kukuambia acha wala baki. Ninachokiona ni kwamba ukiacha kwa sababu ya UTI, na kumbe inakuja kwa sababu nyingine, utakuwa nyumbani, huna hela ya ada, na mkojo bado unachoma, halafu atatafuta pengine pa kulaumu. Kabla ya kufika huko jaribu kidogo na bosi. Sijui ni mwanamke au mwanaume, ila unaweza kusema daktari amekuambia lazima uende chooni kila baada ya saa tatu nne, hiyo sio aibu, na pengine ukapanga na wa fremu ya jirani mkaachiana jicho, wewe unamwangalizia na yeye anakuangalizia, mawinga wakija wanakuta mtu. Ile hela ya choo ihesabu kama nauli. Na chupa ya maji ya lita moja na nusu ianze kumalizika kabla ya saa kumi jioni. Angalia mkojo wako, ukiwa wa njano iliyopauka unakunywa vizuri, ukirudi ile chai ya rangi hata baada ya maji, hiyo sasa ni ya daktari.

Majibu ya kuotesha yakitoka utaona majina ya dawa na herufi pembeni, S maana yake dawa inamuweza huyo bakteria, R maana yake keshaizoea. Nitumie picha uliyokata jina, nataka nione Cipro imeandikwa nini, tuongee kutoka hapo. Na uniambie kama bado analala kwenye kochi.